Nani Kasema Linux ni GNOME? Acheni Kuwachagulia Watu

Jamani, leo nina dukuduku na nitalitoa lote.

Tangu Microsoft walipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mji huu umejaa watu wanaotafuta pa kukimbilia. Kompyuta zao ni nzima. Zinawaka, zinaandika, zinafungua barua pepe. Ila hazikidhi masharti ya Windows 11, na hela ya kununua mpya hakuna. Wanasikia kuna kitu kinaitwa Linux, ni cha bure, wanamtafuta kijana anayejua, anawawekea. Mpaka hapo raha tupu.

Tatizo langu ni huyo kijana anayejua. Haulizi chochote. Anachomeka flashi yake yenye Ubuntu kama ilivyotoka kwa wenyewe, anabonyeza endelea, endelea, endelea, kisha anasema "tayari mkuu" na kuondoka na elfu ishirini yake. Mwenye mashine akiuliza mbona menyu inajaza skrini nzima, mbona nikifungua vitu vitatu mashine inaanza kuhema, anajibiwa neno moja: zoea. Akiuliza kama kuna sura nyingine, anaambiwa hiyo ndiyo Linux.

Siyo kweli. Hiyo siyo Linux, hiyo ni GNOME. Na mimi nasema kwamba hilo neno "zoea" linawarudisha watu kwenye Windows ya kuchakachua kuliko hata uchache wa programu.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa mambo haya, kwanza tuelewane. Linux yenyewe ni injini. Huioni. Unachokiona, yaani menyu, madirisha, upau wa chini, saa kwenye kona, makabrasha yako, ni kitu kingine kilichowekwa juu ya injini, na wataalamu wanakiita mazingira ya eneo-kazi. Chukua Hiace. Injini ni ile ile, lakini fundi mmoja wa bodi atakutengenezea daladala, mwingine gari la shule, mwingine gari la kubebea magunia ya mkaa. Kwa Microsoft na Apple, injini na bodi unauziwa pamoja na huna la kusema. Kwenye Linux bodi zipo nyingi: GNOME, KDE ambayo siku hizi inaitwa Plasma, Xfce, MATE, Cinnamon, LXQt, na nyingine ambazo nikizitaja zote mtasinzia. Zote ni bure. Zote zinaendesha Firefox ile ile na LibreOffice ile ile. Unaweza hata kuweka mbili kwenye mashine moja, ukachagua ya kutumia pale unapoingiza nywila.

Kwa hiyo mtu anapokuwekea Linux bila kukuuliza unataka bodi gani, ameshakuchagulia. Na amekuchagulia kile kilichomfaa yeye, au tuseme kile alichokuwa nacho kwenye flashi.

Hadithi ya bodi hizi ina utamu, maana ugomvi haukuanza jana. Tarehe 14 Oktoba 1996 (ndiyo, tarehe ile ile ya mazishi ya Windows 10, miaka 29 kabla) mwanafunzi wa Kijerumani aitwaye Matthias Ettrich, wa Chuo Kikuu cha Tübingen, alitangaza mradi wa KDE. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wakati huo kila programu ya Unix ilikuwa na vitufe vyake, menyu zake na tabia zake, na mtu wa kawaida akikaa mbele ya mashine anahisi kama ameingia nyumba ambayo kila chumba kina lugha yake. Ettrich alitaka nyumba moja, lugha moja, na akasema wazi kwamba anamlenga mtumiaji, siyo mhandisi. Toleo la kwanza likatoka Julai 1998. Kwa taarifa yenu, mwaka 2025 watu wa KDE hawakuiacha tarehe hiyo ipite hivi hivi, waliendesha kampeni kabisa ya kuwakaribisha wakimbizi wa Windows 10.

Lakini KDE ilikuwa na doa. Ilijengwa juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norwei, na leseni ya Qt wakati huo haikuwa huria. Watu wa programu huria wakaja juu: yaani tumekimbia utumwa wa kampuni moja ili tuingie wa kampuni nyingine? Agosti 1997, vijana wawili wa Meksiko, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakatangaza GNOME, iliyojengwa juu ya GTK, maktaba iliyotokana na programu ya kuchorea ya GIMP. GNOME 1.0 ikatoka Machi 1999. Septemba 2000 Trolltech wakaiweka Qt chini ya leseni ya GPL, doa likafutika. Sababu ya ugomvi ikafa, ugomvi wenyewe ukabaki hai, kama wajomba zangu na kile kiwanja cha Kibaha.

Kumbuka hilo: GNOME ilizaliwa kwa ajili ya uhuru. Vijana wale hawakulalamika kwamba KDE ni mbaya machoni. Walisema mtumiaji asifungwe na maamuzi ya mtu mwingine. Sasa angalia ilikofika.

Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwakalisha watu wa kawaida mbele ya GNOME na kuangalia wanakwama wapi. Walikwama kwingi. Mwaka uliofuata Havoc Pennington, aliyekuwa Red Hat, akaandika hoja ambayo mpaka leo ndiyo msimamo wa GNOME: kila chaguo unalompa mtumiaji lina gharama. Linaongeza hitilafu, linaongeza kazi ya kupima, linamchanganya mtu. Badala ya kuweka mipangilio elfu, fanya kitu kifanye kazi vizuri tangu mwanzo. GNOME 2.0 ya Juni 2002 ikafuata njia hiyo na mipangilio mingi ikafyekwa.

Nitasema ukweli, hoja hiyo ina akili. KDE ya miaka ile ilikuwa na mipangilio mpaka unajiuliza kama ni kompyuta au chumba cha rubani. Na GNOME 2 yenyewe ilikuja kuwa kitu kizuri sana, kimetulia, hakina makuu, watu walikipenda. Ukisoma maandishi ya wakati ule unaona mapenzi.

Ila hoja nzuri ikiachwa bila mtu wa kuibishia hugeuka kuwa dini. Machi 2004, GNOME 2.6 ilikuja na uamuzi kwamba kila kabrasha unalofungua lifunguke kwenye dirisha lake jipya. Unatafuta picha iliyo ndani ya kabrasha la sita, tayari una madirisha sita yamezagaa. Watu walilalamika. Walijibiwa kwamba ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi. Ilichukua mpaka mwaka 2010 kwa mpangilio huo kuondolewa kuwa wa kawaida. Miaka sita! Desemba 2005 Linus Torvalds mwenyewe, mzee wa injini, aliwaambia watu hadharani watumie KDE, kwa sababu GNOME inawachukulia watumiaji kama wajinga na mwisho wake ni wajinga tu watakaoitumia. Maneno yake yalikuwa makali kuliko haya, mimi nimeyachuja.

Halafu ikaja Aprili 2011. GNOME 3.0. Upau wa chini uliokuwa ukionyesha madirisha yako, umeondoka. Kitufe cha kushusha dirisha, kimeondoka. Ikoni kwenye eneo-kazi, hakuna. Na hii ya mwisho huwa inaniacha hoi kila nikiikumbuka: kwenye menyu, amri ya kuzima kompyuta ilifichwa. Uliona "lala" tu. Ukitaka "zima" ulipaswa kushikilia kitufe cha Alt kwenye kibodi, ndipo maneno yabadilike. Mtu alikaa ofisini huko kwao akaamua kwamba binadamu wa kisasa hazimi kompyuta, anailaza.

Mwaka 2011! Mwaka ambao Tanzania tulikuwa kwenye mgao wa umeme usiosahaulika. Kompyuta iliyolazwa inahitaji umeme kidogo kidogo ili ikumbuke ilikuwa inafanya nini. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa ukiilaza, umeme ukikatika, kazi yako imekwenda na maji. Kwa mtu wa Oslo au Boston ni jambo dogo. Kwa mtu wa Mbagala anayesikiliza jenereta ya jirani inakohoa, kuzima ni amri ya kwanza kuliko zote. Baadaye waliirudisha, sawa, lakini swali langu ni hili: nani aliulizwa?

Siwasemi hawa kwa chuki, na mtu asije akaniambia nimelipwa na KDE (wangenilipa ningekuwa nimeshabadilisha hii simu). KDE nao walishawahi kuwafanyia watu unyama. Januari 2008 walitoa KDE 4.0 ikiwa mbichi, wakaiita toleo kamili huku wakisema kwa sauti ya chini kwamba ni msingi tu kwa waandishi wa programu. Baadhi ya wasambazaji wakaisukuma kwa watumiaji hivyo hivyo. Ikawa inaanguka, vitu vya KDE 3 havipo, vilio kila kona. Torvalds yule yule akahama kwenda GNOME. Waliokataa kabisa wakaichukua KDE 3.5 wakaendelea kuitunza kwa jina la Trinity. Tofauti ninayoiona ni moja: KDE walivunja kitu, halafu miaka iliyofuata wakakijenga upya mpaka kikarudi kuwa na yote yaliyokuwepo na zaidi. GNOME waliondoa kitu, halafu wakakufafanulia kwa nini hukukihitaji.

Na uzuri wa programu huria ni kwamba ukichoka kufafanuliwa, unachukua msimbo unaondoka nao. Mwaka huo huo wa 2011 mtumiaji mmoja wa Argentina aliichukua GNOME 2 akaanza kuitunza, akaipa jina la MATE, kinywaji cha majani cha kwao. Clement Lefebvre na wenzake wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon, yenye menyu pale pale kila mtu alipoizoea. Canonical, wenye Ubuntu, wakaja na yao, Unity. Torvalds, mara hii, akahamia Xfce. (Baadaye alirudi GNOME, viongezi vilipokuwepo vya kuirekebisha, msije mkasema nimeficha.) Na Miguel de Icaza, baba wa GNOME? Mwaka 2013 aliandika mwenyewe kwamba ameishia kwenye Mac. Sicheki. Nataja tu.

Unity nayo ilikuja kufa. Aprili 2017 Mark Shuttleworth alitangaza kwamba Canonical wanaiacha, na Ubuntu ya Oktoba mwaka huo ikarudi GNOME. Hapo ndipo tulipo mpaka leo, na ndiyo sababu kila flashi ya mjini ina GNOME. Haikushinda kwenye shindano lolote la kumfaa mtu wa Dar es Salaam. Ilibaki baada ya kampuni moja kufunga mradi wake.

Tena angalia hii. Ubuntu wenyewe, wasambazaji wakubwa wa GNOME, hawakupi GNOME kama ilivyo. Wanaongeza upau wa pembeni uonekane muda wote. Wanaongeza ikoni za eneo-kazi, zilizoondolewa mwaka 2018. Wanaongeza zile ikoni ndogo za pembeni ya saa, zilizoondolewa mwaka 2017. Yaani muuzaji wa kitumbua anakwambia kitumbua ni kizuri, ila kabla hajakupa anakipaka sukari kwanza. Na ukitaka kingine ambacho hawakuongeza, unatafuta kiongezi mtandaoni, na kila baada ya miezi sita toleo jipya la GNOME linapotoka kuna uwezekano kiongezi chako kikagoma mpaka mwenyewe akirekebishe. Anayekitengeneza ni kijana fulani wa kujitolea huko aliko. Akioa, akapata mtoto, kazi imekwisha.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Kompyuta za watu ninaowajua siyo kompyuta za kwenye matangazo. Ni mtumba. Zimetumika ofisini Uingereza au Dubai miaka mitano, zikaja kwenye kontena, zikauzwa Kariakoo zikiwa na RAM ya GB 4 na mara nyingi bado zina ile diski ya kuzunguka. Ubuntu 24.04 wenyewe wanataja GB 4 kama kiwango cha kompyuta ya mezani. Maana yake ukiwa na 4 uko mlangoni, hujaingia sebuleni. Bado hujafungua kivinjari, na kivinjari cha siku hizi kinakula kuliko mtu aliyetoka jeshini.

Mwenzangu mmoja wa dawati la michezo aliwekewa mashine yake na fundi wa namna hii ninayoisema. Laptopu ya GB 4, diski ya zamani, kijana akaibandika mazingira mazito kuliko yote aliyokuwa nayo na hakuuliza kazi yake ni nini. Kazi yake ni kuandika ripoti ya mechi dakika kumi baada ya filimbi, huku akisikiliza sauti ya kocha aliyoirekodi na kuangalia msimamo wa ligi kwenye kivinjari. Siku ya kwanza tu mashine ilisimama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Habari akaituma kwa simu, kwa vidole viwili, mhariri anapiga kila dakika. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye Windows isiyo na leseni, yenye virusi vyake na vya jirani zake, na mpaka wa leo ukimtajia Linux anasema: ile kitu nzito.

Nzito! Mfumo ambao watu wanauweka kwenye mashine zilizotupwa. Nilimwomba laptopu jioni moja nikaiweka Xubuntu, yaani Ubuntu ile ile lakini yenye Xfce. Injini ni ile ile. LibreOffice ni ile ile. Aliandika. Hakusema asante, alisema "mbona yule hakuniwekea hii?" Sikuwa na jibu.

Xfce ndiyo ninayoitumia mimi kwenye laptopu, na sitajificha. Aliianzisha Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996 na tangu hapo imekwenda kwa mwendo wa kobe. Toleo la 4.12 lilitoka mwaka 2015, 4.14 mwaka 2019, 4.16 mwaka 2020, 4.18 mwaka 2022, 4.20 Desemba 2024. Watu wanaicheka kwa hilo. Mimi ndicho ninachokipenda. Kitufe nilichokizoea mwaka juzi kiko pale pale leo. Siamki asubuhi nikakuta mtu amehamisha mlango wa jikoni. Haina mapambo, na ukiifungua mara ya kwanza utasema mbona kama ya babu. Rekebisha kwa dakika kumi, hamisha upau chini, badilisha rangi, utanyamaza.

Mwenye RAM ya GB 8 na SSD simpeleki huko kwa lazima. Huyo nampa KDE Plasma na ninalala usingizi. Ile sifa ya KDE kuwa nzito ni ya zamani, walishaipunguza sana tangu Plasma 5 ya mwaka 2014, na Plasma 6 ikatoka Februari 2024. Valve walipotoa mashine yao ya michezo ya Steam Deck mwaka 2022, upande wake wa kompyuta ya kawaida waliuweka KDE. Fedora nao, waliokuwa nyumba ya GNOME tangu enzi, Aprili 2025 waliipandisha KDE ikawa toleo rasmi sawa na lile la GNOME. Hao siyo watu wa kubahatisha. Na mtu aliyetoka Windows, asiyetaka kujifunza kitu, ana umri wa mama yangu, huyo Linux Mint yenye Cinnamon. Menyu iko chini kushoto. Maswali yameisha.

Najua nitakayojibiwa, maana nimeshajibiwa kwenye vijiwe vyote.

La kwanza: machaguo mengi yanamchanganya mgeni. Hii ndiyo hoja ya Pennington imevaa kanzu mpya. Hakuna anayemtaka mgeni achague kati ya mazingira kumi. Nataka wewe unayejua umuulize maswali mawili tu kabla hujachomeka flashi: mashine yako ina RAM kiasi gani, na siku nzima unafanya nayo nini? Basi. Fundi cherehani hukupima kiuno kabla hajakata kitambaa, na hajawahi kuniambia vipimo vinanichanganya.

La pili: GNOME ni ya kisasa, Xfce imepitwa, haina Wayland. Wayland ni njia mpya ya kuchora vitu kwenye skrini inayochukua nafasi ya X11 ya zamani. Ni kweli GNOME na KDE ziko mbele, na ni kweli Xfce 4.20 imeanza kwa majaribio tu. Kama una skrini mbili za ukubwa tofauti, za kisasa, zenye nukta nyingi, hoja hii inakuhusu na uende KDE au hata GNOME kwa amani. Mwenye skrini moja ya inchi 14 iliyotoka Birmingham mwaka 2015 haimhusu ndewe wala sikio.

La tatu ndilo ninaloliheshimu. Mtu asiyeona, au mwenye uoni hafifu, anayetegemea programu ya Orca imsomee skrini, kwa muda mrefu GNOME ndiyo imekuwa mahali salama zaidi kwake, na kazi kubwa ya msingi huo ilianzia kwa watu wa Sun. Hapo sibishi. Mtu huyo mwekee GNOME, tena mwekee kwa heshima. Lakini ona kilichotokea: umemwekea kwa sababu umemuuliza anahitaji nini.

Na kuna jambo ambalo wengi wa rika langu hawalijui. Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi wa IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Walikaa wakabishana "folda" iwe nini, "mouse" iwe nini (ndiko "puku" ilikovuma, neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka Posta). Mwaka huo huo Microsoft nao wakatangaza mpango wa Kiswahili. Kilinux hawakuomba ruhusa Redmond wala popote. Mlango ulikuwa wazi, wakaingia, wakageuza kitu kikaongea lugha yao.

Huo ndio uhuru ninaouzungumzia, na leo tumeuacha uote ukungu. Katika mazingira yote niliyoyataja hapa sijaona hata moja lililotafsiriwa lote kwa Kiswahili. Milango bado iko wazi, GNOME na KDE zote zinapokea tafsiri za watu wa kujitolea. Lakini kizazi ambacho hakijui kwamba upau unaweza kuhamishwa kutoka juu kwenda chini, kitajuaje kwamba neno lililo juu ya upau linaweza kubadilishwa? Unaanzia wapi kumwambia mtu "hiki ni chako" wakati siku ya kwanza ulimwambia "zoea"?

Kwa hiyo ninyi vijana wa flashi, nawaomba kitu kidogo. Kabla hujaweka, washa mashine ya mtu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yake. Mpe robo saa acheze. Fungua kivinjari na kurasa zake anazozitumia kila siku, siyo zako. Fungua taminali, andika free -h, muonyeshe RAM iliyobaki. Zima, washa nyingine, rudia. Yeye mwenyewe atasema ipi. Akisema GNOME, mwekee GNOME, na mimi nitanyamaza, kwa sababu wapo wanaoipenda kwelikweli, wanaofanya kila kitu kwa kibodi na kutotaka kuona chochote pembeni. Akisema Xfce, usimcheke kwamba ni ya wazee.

Kuna kiprogramu huria kinaitwa Ventoy kinachokuwezesha kubeba zote kwenye flashi moja. Ya kwangu ina nne: Xubuntu, Kubuntu, Mint ya Cinnamon na, ndiyo, Ubuntu yenyewe yenye GNOME. Anayezitaka aje na flashi ya GB 32 nimnakilie, bando la kuzipakua zote naujua uchungu wake.